Ukuta Haukuwaka

Nyumba ya Bibi Rahabu iko peke yake ng'ambo ya bonde, imeipa barabara ubavu. Ubavu huo hupakwa chokaa kila mwaka mwezi wa Desemba, na wanaoupaka si watoto wake wala wajukuu. Ni madereva. Hukusanya chokaa, wakaichanganya na chumvi isije ikapukutika, wakavuka bonde kwa miguu na ndoo zao, wakapaka ukuta mmoja tu. Kuta tatu zilizobaki ni za udongo mwekundu, kama alivyoziacha marehemu mumewe. Mgeni akipita akaiona nyumba ile hucheka. Hudhani chokaa ilimwishia mwenye nyumba.

Haikumwishia. Ukuta ule ni macho ya madereva wa Mlalo.

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mlalo, ikifika hapo, inazunguka pua ya mlima. Ni nyembamba, na magari mawili hayapishani. Anayetoka Lushoto ana mlima kushoto kwake. Anayetoka Mlalo, kushoto kwake ni bonde. Hawaonani mpaka wamekaribia kugusana. Mchana watu hupiga honi. Giza likiingia ndipo ukuta unapofanya kazi. Gari linalotoka Lushoto, kabla halijaizunguka ile pua, hutupa taa zake moja kwa moja ng'ambo, zikaupiga ukuta mweupe, ukawaka kama shuka iliyoanikwa juani. Anayetoka Mlalo akiona ukuta umewaka, anajibanza kwenye upana uliochimbwa upande wake na kusubiri. Ukuta ukiwa mweusi, anapita. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna gari lililoanguka pale.

Aliyeianzisha ni Aron. Ndiye aliyebeba ndoo ya kwanza ya chokaa, enzi hizo akiendesha lori la mbao, na ndiye aliyeenda kumwomba Bibi Rahabu ruhusa. Madereva wote wa njia ile, wa sasa na waliostaafu, walifundishwa na yeye au na mtu aliyefundishwa na yeye. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akipiga honi pale kwenye kona baada ya jua kuzama, Aron alimpiga kofi mkononi. Honi ni ya mchana, alikuwa akisema. Gizani mtu anayepiga honi ni yule asiyejua kutazama.

Kwa hiyo gizani, pale, hakuna aliyepiga honi. Hilo likumbukwe.

Mwezi wa Aprili binti yake Aron, Happiness, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimletea baba yake gari. Lilikuwa limetumika Japani, lakini safi, rangi ya kijivu, viti bado vinanukia. Aron alikuwa ameshaacha malori kwa sababu ya mgongo. Gari hilo lingemtosha kukodiwa na watu wa harusi, wagonjwa, na walimu wanaokwenda benki. Happiness alimwonyesha kila kitu, na cha mwisho akamwonyesha taa.

"Hizi zinageuka na usukani, baba. Ukikata kushoto, zinatazama kushoto. Unaona kona kabla hujaingia."

Aron hakuamini. Jioni ile akalipeleka kwenye uwanja wa kanisa, akazunguka polepole, na kweli, taa zilitangulia mbele ya pua ya gari kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Akazunguka tena na tena, mwinjilisti akatoka kuuliza kama kuna kitu kimepotea. Kulikuwa na kitufe kidogo karibu na goti la kulia, kimechorwa taa na mshale uliopinda. Ukikibonyeza, taa zinaacha kugeuka, zinatazama mbele tu kama za magari mengine. Aron aliuliza ni mpumbavu gani angekibonyeza.

Kuanzia hapo akawa anashuka Mlalo usiku kwa raha ambayo hakuwahi kuijua katika maisha yake yote ya usukani. Kila kona ilijifungua mbele yake. Aliona kingo, aliona mitaro, aliona mbuzi aliyelala. Pale stendi alizisifia taa zile mpaka watu wakachoka. Dereva mmoja aitwaye Heri, mtu mzima mwenye mdomo usio na mlango, alimwambia kwamba akifa azikwe nazo.

Sasa, Zuberi. Zuberi ni mtoto wa Mwanahamisi, mkulima wa karoti wa kule Mlalo, mjane. Alikuja kwa Aron akiwa na miaka ishirini na minne, hajui hata kuingiza gia, na Aron akamfundisha miaka miwili bila kumchoka, kwa sababu kijana alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi. Alikuwa anatazama. Wengine walitazama barabara, Zuberi alitazama mpaka majani ya pembeni. Alipokwisha kupata leseni, Aron mwenyewe alimpeleka kwa mzee Hashimu, mwenye pikapu za mboga, akasema mpe huyu gari, mimi namdhamini kwa jina langu. Hashimu akampa. Miaka minne Zuberi alipandisha karoti na kabichi Lushoto, hakuvunja hata kioo cha pembeni.

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, saa moja na robo ya jioni, baridi ya kuuma masikio, Aron alikuwa anarudi Mlalo na abiria wawili wamesinzia nyuma. Alifika pale puani mwa mlima, akakata kushoto, taa zikakata naye, barabara ikajifungua vizuri kabisa, na katikati ya barabara hiyo akaiona pikapu ya Zuberi imejaa karoti, inakuja.

Aron alikanyaga breki. Zuberi alikata kushoto, na kushoto kwake ni bonde. Pikapu ilipita kwenye matuta mawili ya maharage, ikabiringika mara moja, ikalala ubavu kwenye la tatu.

Aron alishuka mwenyewe, na mgongo wake ule, akishika mashina ya maharage. Alimkuta Zuberi amebanwa mguu, karoti zimemfunika mpaka kifuani. Akaziondoa kwa mikono. Zuberi hakulalamika mguu. Alimshika Aron ukosi wa koti, akamwambia, "Mzee, ukuta haukuwaka."

"Nyamaza. Usipoteze nguvu."

"Haukuwaka, mzee. Nilitazama."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walimpeleka hospitali ya Bumbuli, akalala huko wiki sita. Trafiki alikuja akapima, akamuuliza Aron, na Aron akaeleza alichoamini. Alisema alikuja na taa zake zote zinawaka, kwamba ukuta ule haujawahi kuacha kuwaka kwa miaka ishirini na miwili, na kwamba kijana alikuwa mzuri lakini labda uchovu wa mavuno ulimzidi. Trafiki akaandika. Hashimu akasikia, akachukua ufunguo wake. Hakumtukana Zuberi. Alisema tu kwamba mtu aliyeshindwa kuuona ukuta mweupe hawezi kupewa gari jeupe.

Zuberi alirudi nyumbani kwa magongo. Kila aliyemuuliza alimjibu maneno yale yale, kwamba ukuta haukuwaka. Na watu wa stendi, mnawajua, hawaachi kitu kikapoa. Heri ndiye aliyeanza. Zuberi akipita, mtu anamuuliza mwenzake kwa sauti, "Ukuta umewaka?" Na mwenzake anajibu, "Sijui, mimi kipofu." Ikawa ndiyo salamu ya stendi. Chai ikichelewa, wanamuuliza mama muuza chai kama ukuta umewaka. Zuberi akaacha kupita stendi. Akawa anazunguka nyuma ya soko kwa magongo yake, kwenye kilima, ili asipite mbele yao.

Aron alisikia utani huo na hakuukataza. Hakucheka, lakini hakuukataza.

Mwezi wa Septemba, Jumapili moja asubuhi, alimkuta Bibi Rahabu barabarani, amevuka bonde na kijiti chake, anakwenda ibadani. Akamsimamishia gari, akashuka kumfungulia mlango wa mbele, akampa shikamoo yake. Kikongwe aliitikia nusu nusu. Walipokwenda kidogo akasema,

"Aron, mwanangu, nimekukosea nini?"

Aron akashangaa, akamuuliza kwa nini.

"Zamani ulikuwa ukipita jioni unanipitia. Taa yako inaingia dirishani, nasema huyo Aron anakwenda kulala, na mimi nafunga mlango wangu. Wengine wote wananipitia mpaka leo. Wewe tangu upewe hili gari unapita kimyakimya kama mwizi. Nasikia mlio, ndani giza tupu."

"Labda macho, bibi."

"Macho gani? Uzi kwenye sindano natunga mwenyewe. Sema tu kama umenikasirikia."

Aron alisema hakukasirika. Alimfikisha kanisani, akaketi ibada nzima, na hakusikia mahubiri yalianzia wapi wala yaliishia wapi.

Jumanne jioni alimwomba Heri amsindikize Lushoto, na giza lilipoingia, kwenye ule upana kabla ya kona, alisimamisha gari. Alimwambia Heri alichukue aende nalo mpaka mbele ya kona, ageuze, arudi, aonje ulaini wake. Heri hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aron akabaki amesimama pale pale ambapo dereva wa kutoka Mlalo husubiri, akatazama ng'ambo.

Aliusikia mlio wa gari lake ukienda, ukageuka, ukarudi. Ukuta ulikuwa mweusi. Mlio ukakaribia. Ukuta ulikuwa mweusi bado. Pembeni kabisa ya shamba la Bibi Rahabu kulipita mwanga hafifu, kama wa mtu aliyepita na tochi, kisha ukaondoka, na gari likatokeza puani likiwa na taa zake zote mbili, kubwa, linamjia.

Akamwambia Heri arudie.

"Ulikuwa unafanya nini hapa gizani?" Heri aliuliza.

"Nilikuwa najisaidia."

"Na sasa?"

"Sijamaliza. Ni baridi."

Heri akacheka, akarudia. Ukuta haukuwaka.

Aron alielewa yote pale pale, si mtu wa kuelezwa mara tatu. Magari yote aliyoyajua tangu ujana wake yalikuwa na taa zilizokazwa mbele, na gari likikata kona, taa zake huchelewa kidogo, zinabaki zinatazama bonde wakati magurudumu yameshageuka. Ukuta uliwashwa na kule kuchelewa. Sheria yake yote ilisimama juu ya ubovu wa taa. Sasa alikuwa ameleta taa zisizochelewa. Zilimwonyesha yeye kila kitu, na mwenzake hazikumwambia chochote. Naye hakuwa amepiga honi, na Zuberi hakuwa amepiga honi, kwa sababu Aron ndiye aliyewakataza.

Alipoketi tena kwenye usukani alikitafuta kile kitufe kwa kidole, akakibonyeza. Hakusema neno. Walipoelekea Mlalo, Heri akijisifia namna alivyokata kona, yeye alikuwa anawaza kwamba jambo limekwisha, kwamba kuanzia leo ukuta utawaka, na mtu yeyote akisimama kupima ataona unawaka.

Jumapili iliyofuata Bibi Rahabu alimpungia mkono kutoka mbali, akamwambia, "Umerudi, mwanangu." Aron aliingia kanisani na neno hilo, akatoka nalo.

Tusimsingizie. Hakuwa mtu mbaya. Siku tatu za kwanza alikuwa anajiambia kesho. Kisha akaanza kujiambia mambo mengine. Kwamba Zuberi ameshapona. Kwamba Hashimu hataamini, ataona ni huruma ya mzee kwa mwanafunzi. Kwamba Happiness atalia akisikia zawadi yake imevunja mguu wa mtu. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba kila alipoingia stendi, watu walisimama. Akiketi, mabishano yalisimama ili aseme yeye. Alikuwa hajui kuishi bila hilo, na hakutaka kujifunza uzeeni.

Badala ya kusema, akawa anapeleka vitu. Alipeleka mchele kwa Mwanahamisi, mafuta, kipande cha mbuzi wa kipaimara. Mwanahamisi alipokea kwa mikono miwili, akamwombea dua, akawaambia majirani kwamba kati ya watu wote, aliyekutana na mwanawe pale kwenye kona ndiye pekee asiyemsahau. Aron alirudi nyumbani kila mara akiwa mzito kuliko alivyokwenda, na wiki iliyofuata alipeleka tena.

Mwishoni mwa Novemba alimkuta Zuberi peke yake uani, amekaa kwenye kigoda, anaosha karoti za mama yake ndani ya beseni. Magongo yalikuwa yamekwisha, amebaki na fimbo. Zuberi akamwamkia, akataka kusimama, Aron akamzuia.

"Mzee, nimefurahi umekuja. Nilitaka nikuambie wewe kwanza." Zuberi alikuwa haangalii uso, anaangalia karoti. "Nimefikiri sana. Nadhani ukuta uliwaka."

Aron alichuchumaa kando ya beseni.

"Nadhani uliwaka, na mimi sikuangalia. Nilikuwa nimeamka saa tisa. Nimeurudia usiku ule kichwani mpaka sasa sijui nilichokiona na nilichokitunga. Wewe hujawahi kukosea pale, mzee. Kwa hiyo aliyekosea ni mimi."

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Hakuna. Nimemwambia mzee Hashimu, akasema nikikiri mbele ya wenzangu, atanirudishia ufunguo. Amesema anachochukia si ajali, ni ubishi. Nitakiri siku ya chokaa, wote wakiwepo." Akacheka kidogo. "Siku hizi hata mama akiniambia kuna gari linapita, natoka kuhakikisha. Siyaamini macho yangu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na mtu, karoti zinaelea majini, kijana ameinama. Aron alifungua mdomo, akamwambia kwamba kukiri ni uungwana. Akaaga.

Alipofika kwenye gari hakugeuza ufunguo. Alikaa muda mrefu. Angalia jinsi lilivyomnyookea: kijana anarudi kazini, Hashimu anaridhika, stendi inapata neno lingine la kucheka, na yeye anabaki Mzee Aron. Hakuna anayedhurika. Ila dereva aliyekuwa anatazama mpaka majani ya pembeni atarudi barabarani akiwa haamini macho yake, na aliyemtoa macho hayo ni yule yule aliyempa.

Siku ya chokaa iliangukia Jumamosi. Walikuja madereva kumi na wanane mbali na Aron, na Hashimu pia alikuja, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa. Walipaka kuanzia saa tisa, Aron juu ya ngazi kama kila mwaka, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuanza juu. Zuberi alipewa kazi ya kukoroga. Heri alipomfikia na ndoo tupu alimuuliza kama chokaa imekuwa nyeupe vya kutosha au anahitaji kuongozwa mkono. Watu wakacheka. Zuberi naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomshusha Aron ngazini.

Walipomaliza, Bibi Rahabu akatoa viazi na chai, watu wakakaa kwenye majani mbele ya ukuta uliolowa. Zuberi akasimama, ameshika fimbo yake. Akawasalimu wazee, akasema ana neno dogo kuhusu mwezi wa Juni.

"Kaa chini, Zuberi," Aron alisema.

Watu wakatabasamu. Walidhani mzee anamwondolea aibu.

"Mzee, niache niseme."

"Nimekuambia kaa. Huna la kusema. Ukuta haukuwaka."

Heri alianza kucheka, akaona uso wa Aron, akaacha. Hashimu aliweka kikombe chini, akauliza ana maana gani. Aron hakueleza. Aliwaambia wasubiri jua lizame, kisha waende wote wakasimame kwenye upana, upande wa Mlalo, watazame ukuta waliotoka kuupaka. Yeye atapita na gari lake kutoka upande wa Lushoto mara mbili. Kisha waulize wanachotaka.

Mara ya kwanza alipita kama alivyokuwa akipita tangu Septemba. Alipozunguka puani aliwakuta wamesimama kwa mstari, na mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba mbona umewaka vizuri, chokaa ya mwaka huu kali. Aron hakusimama. Aligeuza mbele, akarudi upande wa Lushoto, akageuza tena. Akateremsha mkono gotini, akabonyeza kitufe.

Barabara ikajifungua. Aliona kingo, aliona mtaro, aliona kila jiwe, kama usiku ule. Ukuta hakuweza kuuona kutoka pale alipokaa, wala hakuutafuta. Alikata kushoto, taa zikakata naye, na zikawapata wale watu kumi na tisa kwa pamoja, nyuso zote katika mwanga. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wametazama ng'ambo, gizani.

Akazima gari, akashuka. Alieleza kwa maneno machache: taa, usukani, kitufe. Hashimu ndiye aliyeuliza.

"Umelijua hili tangu lini?"

Aron angeweza kusema tangu jana. Hakuna ambaye angepinga.

"Tangu Septemba."

"Leo ni Desemba, Aron."

"Najua."

Heri alitazama viatu vyake, huenda alikuwa anakumbuka jioni ya kujisaidia. Zuberi alisogea mpaka kwenye mlango wa dereva, akainama, akauliza kitufe kiko wapi. Aron akamwonyesha. Zuberi akakibonyeza, akakiachia, akakibonyeza tena, kama mtu anayejaribu jino linalouma.

"Siku ile nilipokuambia sikuangalia," alisema bila kuinuka, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia kukiri ni uungwana."

"Nilisema hivyo."

Zuberi akainuka taratibu kwa sababu ya mguu. Aron alikuwa amejiandaa kwa tusi, hata kwa fimbo, na angeipokea. Zuberi alimtazama tu, akatazama ng'ambo ukuta ulipo, akautazama sana, kisha akaenda akapanda gari la Hashimu.

Jumatatu Aron alikwenda kwa trafiki, akabadilisha maelezo yake. Trafiki alimuuliza mara tatu kama hajalazimishwa. Alimpigia Happiness, na kweli Happiness alilia. Mwezi wa Februari Zuberi alirudi barabarani, pikapu ile ile, imenyooshwa, mlango mmoja rangi tofauti. Madereva walikubaliana kwamba magari ya taa za namna ile yatazidi kuja, kwa hiyo pale kwenye kona, giza au mwanga, kila mtu apige honi. Chokaa wataendelea kupaka. Bibi Rahabu alilalamika kwamba sasa halali kwa honi.

Pale stendi hakuna aliyemtania Aron. Alikuwa ametumaini watamtania. Walisimama kama zamani, wakampa shikamoo, wakampisha kwenye benchi, na mabishano yakaendelea bila kumsubiri.

Jioni moja ya Machi alikuwa anarudi Mlalo peke yake. Alipofika karibu na pua ya mlima alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, akapiga honi, mara tatu ndefu, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kwenye upana kulikuwa na pikapu imesimama, imejibanza vizuri, taa zimepunguzwa, karoti zimefunikwa kwa turubai. Aron alipita taratibu, akashusha kioo, akainua mkono.

Zuberi alikuwa anatazama mbele, ng'ambo, kwenye ukuta. Akamjibu kwa honi moja, fupi, kama anavyojibiwa dereva mgeni, kisha akaingiza gia akaenda zake.